Taa za paneli ya ndege hazihitaji programu yangu

Najua niliahidi sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata, lakini itabidi ingoje kidogo. Leo nataka kuongelea kitu ambacho kimenikaa rohoni kwa wiki kadhaa sasa: kizungushio cha kupunguza mwanga wa taa za paneli ya ndege. Mafundi wanakiita dima. Ndiyo, nimesema ndege. Na ndiyo, mimi ni mwandika programu tu, naishi Changamwe na nalipwa kwa kuandika mifumo ya maduka na ya mizigo. Msinicheke bado.

Anayeishi Changamwe, Magongo au Port Reitz anazijua ndege. Uwanja wa Moi uko jirani, na zinapita juu ya mabati yetu huku watu wakianika nguo. Lakini ndege ninayoizungumzia si hizo. Ni ndogo, ya viti viwili, na anaijenga mzee mmoja ninayefahamiana naye kwenye karakana yake upande wa Kisauni. Ameagiza vipande kutoka nje na anavipigia ribiti mwenyewe, jioni baada ya jioni, mwaka wa tatu sasa.

Kama jambo hili ni geni kwako, jua kwamba duniani ni la kawaida kabisa. Marekani kuna chama kizima cha wajenzi wa ndege za nyumbani, EAA, kilichoanzishwa mwaka 1953, na sheria yao inamtaka mjenzi afanye mwenyewe zaidi ya nusu ya kazi. Hapa Kenya wengi wenu mnamkumbuka Gabriel Nderitu wa Nyeri, mtu wa kompyuta kama mimi, ambaye mnamo 2010 na 2011 alitokea kwenye habari kwa kujenga ndege yake akitumia injini ya gari la Toyota. Majaribio yake ya mwanzo hayakuruka na watu wakacheka sana. Mimi sikucheka. Ila nilichogundua ni kwamba watu wote walizungumzia mabawa na injini, na hakuna aliyeuliza habari za nyaya. Nyaya ndizo zilizoniingiza mimi kwenye hadithi hii.

Kwa nini ndege ya mchana inahitaji taa

Mzee hana nia ya kuruka usiku. Nilipomuuliza basi taa za paneli ni za nini, alinitazama kama mtu aliyeuliza mwavuli ni wa nini kwa sababu leo hakuna mvua.

"Mwanangu," akaniambia, "magharibi ya huku kwetu waijua?"

Naijua, lakini sikuwa nimeipigia hesabu. Sisi tuko karibu na ikweta, na jua huku linazama wima kama jiwe. Likishaingia, mwanga wa kufaa unabaki dakika 20 na ushei, kisha ni giza. Ulaya wakati wa kiangazi wana jioni ndefu ya kuvutavuta, sisi hatuna. Na jicho la mwanadamu linahitaji kama dakika 30 kuzoea giza sawasawa. Yaani usiku wetu unafika kabla macho yetu hayajawa tayari. Rubani aliyechelewa kidogo tu, labda upepo ulimkabili njiani, anaweza kujikuta hasomi mshale wa mafuta.

Halafu kuna upande wa pili. Taa ikizidi mwanga ni mbaya vilevile. Umewahi kuamka saa nane usiku ukawasha simu, ile skrini ikakupiga machoni? Baadaye hata mlango huuoni. Sasa fikiria hilo likikupata angani. Jicho lilichukua nusu saa kuzoea giza, na mwanga mkali unaharibu kazi yote kwa sekunde chache. Ndiyo maana taa za paneli ni lazima zipunguzike: zitoshe kusomea vipimo, zisizidi hapo.

Nilivyojitia ujuaji

Mzee aliniomba nimsaidie kufunga dima. Alichokuwa nacho ni utepe wa taa za LED wa volti 12, ule ule unaouona ndani ya matatu na tuktuk, pamoja na waya na betri.

Mtu wa kawaida angeuliza fundi. Mimi nina digrii ya sayansi ya kompyuta, kwa hiyo nilichukua Arduino.

Njia niliyotumia inajulikana: unaiwasha na kuizima taa haraka haraka, mara mamia kwa sekunde, na jicho linaona wastani. Ukiiwasha nusu ya muda, inaonekana hafifu. Mikrokontrola inalifanya hilo kwa mstari mmoja wa kodi. Nikaweka kizungushio cha kisasa kisicho na mwisho, kile kinachozunguka bila kikomo, programu ikahesabu hatua. Mistari 40 hivi. Nikakipenda chombo changu. Mezani nyumbani kilifanya kazi vizuri ajabu.

Nikapanda matatu, Makupa, Buxton, daraja la Nyali, mpaka Kisauni. Tukakifunga kwenye ndege jioni moja. Mzee akaketi kitini, akavaa vile visikio vya rubani, akawasha umeme. Taa zikawaka, akazipunguza, akatabasamu. Kisha akazungusha starta, bila kuwasha injini, aone tu kama betri ina nguvu.

Paneli nzima ikawa giza.

Kilichotokea kinaeleweka. Starta inapozunguka inakula umeme mwingi mno, volti za betri zinaporomoka kwa muda mfupi, mikrokontrola ikakosa nguvu, ikajizima na kujiwasha upya. Na programu yangu ilipoanza upya, kiwango cha mwanga kilianza kwa sifuri, kwa sababu mimi ndiye niliyeandika hivyo. Taa zikabaki zimezimika zikisubiri mtu azungushe kile kizungushio. Mzee akakizungusha... upande usio. Sifuri ikabaki sifuri. Kukapita kimya kirefu gizani pale, wasomaji wangu, sitaki hata kuwasimulia.

Nikarudi nyumbani kurekebisha. Nikaandika kiwango cha mwisho kihifadhiwe kwenye kumbukumbu ya kudumu. Lakini je, kama mara ya mwisho ilikuwa usiku na sasa ni mchana? Nikaongeza kipima mwanga. Je, kivuli cha mkono kikipita juu ya kipima mwanga? Nikaongeza kuchelewesha. Mistari 40 ikawa karibu 300. Kila kiraka kilileta swali jipya, na kila swali likaleta kiraka.

Tulipokifunga tena, mzee akalalamikia kitu kingine: mlio kama wa nyuki ndani ya visikio, unaobadilika kila akizungusha dima. Hili nalo lina sababu yake. Arduino ya kawaida inawasha na kuzima mara 490 hivi kwa sekunde, na 490 kwa sekunde ni sauti ambayo sikio la binadamu linaisikia vizuri kabisa. Waya wa kurudisha umeme wa taa ulikuwa umeshiriki njia moja na waya wa visikio, kwa hiyo kila taa ilipowaka na kuzima, sauti ilisukumwa nayo. Yaani rubani angemsikiliza mwongoza ndege wa Mombasa huku nyuki wangu wakimwimbia.

Mzee akavua visikio. Hakukasirika. Alisema tu, "Mwanangu, mimi sikukuomba kompyuta. Nimekuomba taa."

Swali ambalo sikufundishwa chuoni

Nililala na maneno hayo. Chuoni tulifundishwa kuuliza: je, programu inafanya kazi? Ina kasi gani? Inatumia kumbukumbu kiasi gani? Sikumbuki mtu aliyetufundisha kuuliza: *kitu hiki kikifa, kitafia upande gani?*

Maana kila kitu hufa. Waya hukatika, solda huachia, programu hukwama. Fundi mzuri halengi kutengeneza kitu kisichokufa, kwa sababu hakipo. Anachagua mapema kitakufa vipi.

Dima yangu ilikuwa inafia upande wa giza. Na kwa taa za paneli huo ndio upande mbaya zaidi.

Basi nikatafuta njia ya wazee. Ipo kipande kimoja cha elektroniki kinaitwa LM317, kimekuwapo tangu miaka ya 1970, kina miguu mitatu, na kwenye maduka ya spea mjini ni bei ya soda. Kazi yake ni moja: kupokea volti nyingi na kutoa volti chache unazozitaka wewe, umeme laini usiokatika-katika. Unakipangia kwa rezista mbili. Kanuni yake haitishi: gawanya rezista ya pili kwa ya kwanza, ongeza 1, zidisha kwa 1.25. Jibu ni volti zinazotoka.

Sasa angalia jinsi hesabu ndogo inavyofanya kazi ambayo mistari yangu 300 ilishindwa. Utepe wa LED wa volti 12 kwa kawaida una taa tatu tatu zilizofuatana, na kila taa nyeupe inataka karibu volti 3 ili iwake vizuri. Kwa hiyo chini ya volti 7 na kitu, utepe unakuwa giza tupu. Rezista ya kwanza nikaweka ya omu 240. Ya pili nikaigawa mara mbili: omu 1,200 za kudumu, zikifuatiwa na kizungushio cha omu 1,000, kile kile cha kuongezea sauti kwenye redio za zamani. Kikizungushwa hadi mwisho wa chini, hesabu inatoa volti 7.5: taa ni hafifu lakini ipo. Kikizungushwa hadi juu, hesabu inapita kidogo volti 12: mwanga kamili. Mzee hawezi kuizima kwa bahati mbaya hata akitaka. Kima cha chini kimefungwa ndani ya rezista, wala hakuna programu ya kukisahau.

Na ikifa je? Sehemu inayochakaa haraka ni kile kizungushio, kwa kuwa ndani yake kuna kitu kinachosuguana. Kikikatika, LM317 inapandisha volti hadi juu kabisa, taa zinawaka kwa nguvu zote. Ni kero, macho yanaumia, lakini vipimo vinasomeka, na swichi ya kuzima iko pembeni na tochi iko mfukoni. Starta je? Taa zinafifia sekunde mbili, kisha zinarudi pale pale zilipokuwa, maana "kumbukumbu" yake ni mahali kizungushio kilipoachwa na mkono. Nyuki je? Hakuna kinachowashwa na kuzimwa, kwa hiyo hakuna nyuki.

Tahadhari mbili kwa atakayejaribu. Moja, kipande hiki kinapata joto kwa sababu volti kinazozikata zinageuka kuwa joto: kikikata volti 4 kwa umeme wa ampea 0.2, hiyo ni wati 0.8. Kifunge kwenye kibati cha alumini. Mbili, na hii nusura initie aibu ya pili: ule mgongo wake wa chuma umeungana na mguu wa kutolea umeme. Ukiufunga moja kwa moja kwenye bodi ya ndege, ambayo ndiyo ardhi ya umeme, umepiga shoti. Weka kile kikaratasi cha kuhami katikati. Na kabla ya yote, fyuzi. Mimi si mhandisi wa ndege; kabla haijaruka, kazi hii itakaguliwa na anayestahili kuikagua, na ruhusa ni ya KCAA.

Taa za onyo zikae kando

Kuna jambo moja nililotaka kulifanya na nashukuru nilizuiwa. Nilitaka dima moja ipunguze taa zote, pamoja na zile taa ndogo za onyo: ya presha ya oili na ya kuchaji betri. Usafi wa muundo, si ndiyo? Kizungushio kimoja, kila kitu kinatii.

Mzee akanisimulia habari za Piper Arrow, ndege ndogo ambayo magurudumu yake huingia ndani. Ina taa tatu za kijani za kumwambia rubani kwamba magurudumu yameshuka na kujifunga. Katika matoleo yake mengi, ukiwasha taa za usiku, zile za kijani zinajipunguza zenyewe zisikuumize macho. Wazo zuri! Lakini mtu akisahau swichi hiyo mchana wa jua kali, zile za kijani zinawaka hafifu mno, jua linazifunika, na rubani anaona hazipo. Magurudumu yameshuka, yeye anadhani bado yako ndani.

Kwamba taa ndogo inaweza kumla mtu akili si hadithi ya kutungwa. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1972, ndege ya Eastern Air Lines, safari namba 401, aina ya Lockheed TriStar, ilikuwa inakaribia Miami ikitokea New York. Taa ya kuonyesha gurudumu la mbele limeshuka haikuwaka. Marubani wakaanza kuhangaika nayo. Wakati huo mtambo wa kujiongoza ukaacha kushikilia kimo bila wao kutambua, ndege ikashuka polepole gizani mpaka ikaanguka kwenye vinamasi vya Everglades. Kati ya watu 176 walikufa 101. Gurudumu lilikuwa limeshuka sawasawa. Kilichoungua kilikuwa balbu.

Tangu niliposoma habari hiyo, sisemi tena "ni taa tu".

Kwa hiyo kwenye ndege ya mzee taa za onyo hazipiti kwenye dima kabisa. Zina waya wao na fyuzi yao, na kwa ajili ya usiku tumezivika kikofia kinachozungushwa kwa kidole. Taa ya kusomea vipimo ni ya raha ya macho, lakini taa ya onyo ni ya uhai, na vitu hivyo viwili havistahili kufa pamoja kwa sababu ya kizungushio kimoja.

Sisemi programu ni mbaya

Najua wenzangu watanirukia. Tuwe waungwana: njia ya kuwasha na kuzima haraka si ya kijinga. Haipotezi umeme mwingi kwa joto, na inazipunguza LED kwa ulaini ambao volti peke yake haiupati. Ukiongeza kasi ipite uwezo wa sikio, ukachuja vizuri na kutenganisha nyaya za kurudi, nyuki wanaondoka. Skrini nyingi za kisasa za ndege zina kipima mwanga chao ndani na zinajipunguza zenyewe vizuri tu. Lakini zimetengenezwa na watu walioitumia miaka wakiuliza lile swali la kufa, sio na kijana wa Changamwe kwa wikendi mbili.

Ninachopinga ni ile tabia yetu, sisi watu wa kodi, ya kuona kila kizungushio ni programu iliyokosa mwandishi. Tunaongeza akili mahali pasipohitaji akili, kisha tunatumia muda wetu wote kuilinda hiyo akili isirukwe.

Hili nimelirudisha kazini kwangu. Mfumo mmoja wa duka nilioandika ulikuwa ukikosa mtandao unakataa kuuza. Dirisha linasema "subiri", mteja amesimama na unga mkononi, mwenye duka anatoa macho. Hakuna aliyeniagiza uwe hivyo. Niliandika tu bila kuuliza ukikosa mtandao ufie upande gani. Sasa unauza, unaandika kwenye kumbukumbu yake, na mtandao ukirudi unapatanisha hesabu. Wazo hilo nililipata Kisauni, gizani, ndani ya ndege ambayo haijawahi kuruka.

Wiki iliyopita tulijaribu tena baada ya magharibi. Mzee akazungusha starta, taa zikafifia, zikarudi. Akapunguza hadi mwisho. Mishale ya vipimo ikabaki inaonekana, hafifu kama makaa yanayozimika. Akakaa kimya kidogo akiizoea. Mimi nilikuwa nasubiri sifa, nikataja kwamba bado ninayo ile Arduino kwenye mkoba, ikiwa atataka.

"Iweke," akasema. "Siku nikitaka nyuki nitakuita."

Haya, tuonane makala ijayo, na safari hii hifadhidata kweli! Ila kabla hujafunga ukurasa huu, nenda kwenye kitu cha mwisho ulichokitengeneza, kiwe programu, kiwe waya, kiwe mlango wa kuku, ukiulize lile swali. Kikifa usiku huu, kitafia upande gani?